Kelele Si Taarifa

Watu wakikaa barazani wakaanza kusema kwamba Mwingereza alituletea utaratibu, mimi nanyanyuka. Naaga kwa adabu, navaa kofia yangu, natoka, kwa sababu nikibaki nitatukana, na umri wangu hauruhusu. Utaratibu! Nimeufanyia kazi huo utaratibu. Nimeuvalia kaptura na soksi ndefu, nimeushika mkononi na kuusikiliza kwa sikio langu hili. Hakuna wa kunihadithia.

Nilikuwa askari polisi Tabora enzi za mkoloni, kijana mwenye shule ya kati na sauti isiyokwaruza. Nilijua Kiswahili, Kinyamwezi cha nyumbani Ntalikwa, Kisukuma cha kuelewana na watu wa Nzega, na Kiingereza cha kutosha kuitikia amri. Kwa ajili hiyo nikatolewa kwenye doria za mtaa wa Ng'ambo, nikaketishwa chumba cha simu. Mama yangu, mjane aliyetulea kwa jembe, alifurahi mno. Akawatangazia wenzake kanisani kwamba mwanawe sasa ndiye anayesikiliza shida za watu. Maskini mama yangu.

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Simu ikilia, napokea, nasikiliza kuna nini, napeleka gari. Gari likiwa mbali, naliita kwa simu ya upepo. Sajenti aliyenifundisha, mtu wa pwani mwenye tumbo lake, alinieleza masharti. Akipiga Mzungu, uliza neno moja tu: uko wapi, bwana? Akipiga Mwafrika, uliza kwanza jina lake, jina la baba yake, kabila lake, mtemi wake, na simu anayotumia ni ya nani na nani kampa ruhusa kuishika. Akishajibu yote hayo, ndipo umwache aseme kilichomsibu.

"Na nyumba ikiwa inaungua, afande?" nikamwuliza.

"Itaungua kwa utaratibu," akasema, akacheka mpaka tumbo likatikisika. Nami nikacheka. Nilikuwa bado mgeni.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tulimwuliza uji, tukamwuliza na chumvi, tukamwuliza na nani kamruhusu kuugua. Na bado! Akishamaliza kujibu, gari halitoki kwa neno lake mpaka mtu wa kuaminika alithibitishe, yaani Mzungu yeyote, au karani wa baraza la mtemi. Bwana Inspekta, kijana wa Kiingereza asiyemfikia hata kaka yangu kwa umri, alinipa sababu bila kuona haya. "Watu wenu," alisema, "hupenda kupiga kelele ovyo."

Ovyo! Kwetu Unyamwezini kuna yowe, wenyewe tunaliita mwano. Mtu akivamiwa, ng'ombe wakichukuliwa, mtoto akipotea porini, anapiga yowe. Aliye karibu analipokea na kulipeleka mbele, na kila mwanamume anaacha alichoshika, anatoka mbio. Huulizi ni la nani. Ukilisikia ukakaa, umekosa, na adhabu yake si mchezo: nyumba yako inatolewa kwenye yowe. Siku yako ikifika utalia peke yako, na majirani wataendelea kupalilia. Mwenye kupiga yowe la uongo naye anahukumiwa vivyo hivyo. Sasa niambie, nani atalipiga ovyo?

Ilikuwa mchana, kiangazi, jua la kupasua kichwa. Simu ikalia kutoka ghala moja la asali na nta kwenye njia ya Ntalikwa. Mwenye ghala, Mwarabu wa Kanyenye pale mjini, alikuwa amevuta waya mpaka kule ili ajue mzigo wake umefikia wapi bila kutoka dukani. Aliyepiga alikuwa karani wake. Nikaanza: jina lako? Jina la baba yako? Akajibu huku anahema. Nilipofika kwenye kabila, akapasuka.

"Ndugu yangu, acha hayo! Sikiliza mwenyewe!"

Akautoa mkonga wa simu dirishani, nami nikalisikia. Yowe la kwetu. Zilianza sauti za wanawake, zikapokelewa na wanaume, zikawa zinasogea. Nilijikuta nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Karani akarudi kwenye simu akaniambia wezi wamechukua ng'ombe wa mama mmoja mchana kweupe, na mtu wa kwanza kufika kumsaidia amepigwa mshale wa paja, damu haikatiki. Huyo aliyepigwa alikuwa mzee jirani yetu, mrina asali, ambaye tangu baba yangu afariki alikuwa akituezekea nyumba kila paa lilipochoka, asitake hata ahsante.

Nikakimbilia kwa bwana Inspekta. Land Rover ilikuwa pale uani, dereva anaiosha.

"Nani amethibitisha?" akaniuliza.

"Nimesikia mwenyewe, afande. Ni yowe. Nalijua."

"Kelele si taarifa," akasema, kwa Kiswahili chake cha darasani, taratibu, neno moja moja. "Rudi kwenye kiti. Ukiondoka kwenye kiti hicho, unaingia mahabusu."

Nikarudi. Nikapiga baraza la mtemi, nikaambiwa karani amekwenda kula. Nikapiga misheni, padre ametoka. Nikapiga tena baraza, karani bado anakula. Sijui alikuwa anakula ng'ombe mzima! Nikamtukana Inspekta kwa Kinyamwezi, matusi ambayo mama hajui kama nayajua. Dirishani nilimwona dereva anasugua vioo vilivyokwisha kung'aa. Nilikuwa na simu ya waya, nilikuwa na simu ya upepo, gari liko mlangoni, na jirani yangu anavuja damu.

Hatimaye padre akarudi, akaulizia kwa watu wake, akasema kwa kinywa chake cha kuaminika maneno yale yale niliyoyasema mimi. Gari likatoka. Wezi walikuwa wamekwisha kupotelea porini, na mzee walimkuta njiani analetwa kwa machela. Mguu ukaoza. Hospitali wakaukata.

Aliporudishwa nyumbani, wanaume wa kijiji walikutana kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, nikaitwa. Nilikwenda na hasira zangu kifuani, nikidhani nitazimwaga pale na wataniunga mkono.

"Karani wa ghala anasema yowe alikupa sikioni," mwanangwa akasema. "Ulilisikia?"

"Nililisikia, baba."

"Ukafanya nini?"

Nikaeleza. Inspekta, uthibitisho, kiti, mahabusu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa makapi. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nyie hamkuwa pale, hamjui mkoloni akikukazia macho! Lakini mzee mrina asali alikuwa amekaa mbele yangu, mguu wa suruali umefungwa fundo.

"Kwa hiyo ulikaa," mwanangwa akasema.

"Nilikaa."

Wakanong'onezana. Hukumu haikuchelewa. "Nyumba ya mama yako imetoka kwenye yowe. Akipatwa na jambo, akupigie wewe simu."

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mama alikuwa akilala peke yake kwenye nyumba ile, pori liko nyuma ya zizi, na wezi walikwisha kuijua njia. Simu angeitoa wapi? Mimi nilikosa, anaadhibiwa yeye! Nikanyanyuka kuwatukana wote, wazee kwa vijana, na liwalo na liwe.

Kabla sijafungua kinywa, mama, aliyekuwa amekaa pembeni na wanawake, akapiga yowe.

Alilipiga hasa, mpaka sauti ikakatika akaivuta tena. Wanaume wote wakasimama. Walikuwa wametoka kumhukumu sasa hivi, lakini walisimama, miili iliwakatalia kukaa. Mwanangwa aliangusha kigoda chake. Mzee mrina asali alishika bega la mwenzake, akasimama kwa mguu mmoja.

"Mama, kuna nini?" mwanangwa akauliza, macho yanatafuta huku na huku. Halafu akaona hakuna moshi wala mwizi, uso ukamkunjamana. "Yowe la uongo unaijua hukumu yake."

"Si la uongo," mama akasema. "Nimeibiwa."

"Umeibiwa nini?"

"Mtoto. Huyu hapa. Niliyemzaa mimi, akisikia yowe alikuwa anakwenda. Wameniibia yule, wameniletea mtu anayesikia akakaa. Si mmesimama? Basi fuateni!"

Hakuna aliyecheka. Mimi nililia mbele za watu, nililia kwa hasira, na sioni haya kusema. Yowe ukishalisimamia, lazima ufuate nyayo, hata ziende wapi. Aliyelimaliza shauri ni mzee mrina asali.

"Mimi nakwenda," alisema. "Nipakieni kwenye baiskeli."

Asubuhi yake tuliingia mjini. Mwanangwa aliamuru pinde zibaki nyumbani, hata fimbo, kila mtu atembee mikono mitupu. Mzee alikaa nyuma ya baiskeli, nami ndiye niliyeisukuma. Tulipopita Ng'ambo watu walitoka madukani wakituuliza msiba ni wa nani. Kituoni bwana Inspekta akatoka kibarazani, akaniuliza mimi wanataka nini. Nilimwacha aulize mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

"Jambo, bwana," mwanangwa akasema. "Tumefuata kilichoibwa."

"Ng'ombe hawajaonekana."

"Si ng'ombe. Mtu." Akaninyooshea kidole.

Inspekta akacheka kidogo. Akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, akamtazama mzee kwenye baiskeli na ule mguu wa suruali, kicheko kikamkauka. Mimi nikavua kofia ya polisi, nikafungua mkanda, nikaviweka ukutani mwa kibaraza mbele yake. Akanisogelea, akateremsha sauti kama rafiki, akaniambia nisiwe mpumbavu, kazi ile vijana wengi wa Tabora wanaililia.

"Mpe asiye na mama," nikamwambia.