Behewa Lililoandikwa Hatali

Stilwulu ya kusugulia sufuria, ikilowekwa kwenye siki ndani ya kopo kwa siku nne, hutoa harufu ambayo sijaipata mahali pengine popote. Ni ukali wa kachumbari iliyosahaulika, chuma kilichonyeshewa, na kwa mbali harufu ya ufunguo ulioshikwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la sita, likizo niliyoimaliza yote katika chumba cha Senje Robai nyuma ya soko la Kakamega. Senje kwetu ni dada ya baba, ingawa yeye hata majirani wasio na undugu naye walimwita hivyo. Alikuwa mwandishi wa vibao. Kibao cha kinyozi, cha bucha, cha duka la dawa, vyote vya mtaa ule vilitoka mkononi mwake. Zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa akiandika namba na maneno kwenye mabehewa ya mizigo katika karakana moja ya reli upande wa ziwani, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa akarudi nyumbani na burashi zake zikiwa zimefungwa ndani ya leso.

Nilikuwa mtoto wa kuwaza kupita kiasi, na sijapona. Mwalimu wetu alikuwa ametuagiza kila mmoja alete Siku ya Wazazi kitu chochote alichokitengeneza kwa mkono, na hilo neno chochote lilinitesa wiki nzima. Wenzangu walikwishaamua: huyu trekta ya miwa, yule nyumba ya matete, mwingine ng'ombe wa udongo. Mimi nilikuwa nimeandika orodha ya vitu kumi na vinne na kuvikata vyote. Nilipomwambia Senje kwamba labda, pengine, kama si vibaya, ningependa kutengeneza behewa la mizigo kama lile nililoliona Butere, aliacha kuandika kibao alichokuwa nacho akanigeukia.

"Kama ni behewa, liwe behewa," alisema. "Sanduku lenye magurudumu hata mtoto wa nasari anaweza."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Butere, yeye na utepe wa fundi cherehani shingoni, mimi na daftari la hesabu. Behewa lilikuwa kwenye njia ya pembeni ya stesheni, nyasi zimefika kwenye ekseli za magurudumu, mbuzi wawili wamejilaza kivulini mwake. Lilikuwa la zamani, la bati lililopigwa ribiti, misumari butu ya kuungia vyuma, lenye milango ya kusukuma pande zote mbili, rangi yake nyekundu ya kahawia imepauka kama ngozi ya kiazi kitamu. Senje alinifundisha kulitazama. Alinionyesha kwamba kutu huanzia pale maji yanapokaa: chini ya ribiti, kwenye ukingo wa mlango, kwenye kona ambapo bati limegongwa likafunua chuma. Kwenye komeo hakuna kutu nyingi, kwa sababu mikono ya watu imelisugua miaka na miaka. "Andika unachokiona," alirudia, "usiandike unachokijua." Nikaandika. Nilinakili kila namba, kila mkwaruzo, na chini ya ngazi ya kupandia paa nikakuta maneno madogo ya manjano: HATALI USIPANDE JUU. Nikayanakili pia. Nilipoinua kichwa kumuuliza, Senje alikuwa amezunguka upande wa pili na anawasemesha mbuzi.

Ujenzi ulichukua siku nyingi kuliko nilivyofikiri. Hatua yangu moja kando ya behewa iligeuka kuwa nusu ya kijiti cha kiberiti, na kwa kipimo hicho tulikata kuta kutoka kwenye bati la mkebe wa mafuta ya kupikia. Ilitubidi kulisugua kwa msasa kwanza, maana bati linalong'aa halishiki rangi wala kutu. Ribiti tulizipiga kwa ncha ya msumari kutoka nyuma, moja moja, na nilipokosea idadi kwenye ukuta wa kwanza Senje aliniambia nianze ukuta mwingine. Nilipendekeza vifuniko vya soda viwe magurudumu. Akakataa kabisa. Gurudumu la reli lina ukingo wa ndani unaolizuia lisitoke kwenye njia, akasema, na kama halina ukingo huo basi hilo ni gari la kuvutwa na punda. Tukagundisha kifungo kikubwa cha koti juu ya kifungo kidogo cha shati, na hapo magurudumu yakawa magurudumu. Koti lilikuwa la baba. Alilivaa kanisani likiwa wazi mpaka Krismasi.

Kisha ikaja kazi ya kulizeesha, niliyoipenda kuliko zote na ambayo niliiharibu mara mbili. Mara ya kwanza nililigeuza behewa miguu juu ili nipake upande wa chini, nikadondosha yale maji ya siki na stilwulu, yanayokauka yakawa kutu, kwenye ribiti likiwa limelala vile vile, nikaliacha likauke. Nilipolisimamisha, michirizi yote ya kutu ilikuwa inapanda kuelekea paani.

"Wewe Awinja," Senje alisema, "kutu inashukanga. Haipandangi. Hili lako limenyeshewa na mvua ya kutoka chini?" Alicheka mpaka akaweka burashi mezani na kujifuta macho kwa aproni.

Mara ya pili nililipaka udongo mwekundu wa hapa kwetu, ule unaong'ang'ania viatu, nikaja nikijisifu. Senje alilitazama akauliza kama behewa lilizaliwa Butere na halijawahi kutembea. Alinieleza kwamba uchafu wa behewa ni kama mihuri ya pasipoti. Likitoka pwani linakuja na weupe wa chumvi, likipita nyika linaokota wekundu mmoja, likishuka nyanda za Kano linapata matope meusi yanayonata kwenye magurudumu, na wekundu wa kwetu huwa juu ya yote, tabaka la mwisho. Tabaka la Kano tulilipata kwa mama mmoja aliyeleta mchele sokoni kutoka Ahero, ambaye gamubuti zake zilikuwa bado na matope ya shambani. Nilimwomba kwa adabu nikwangue kidogo. "Matope?" akashangaa, akageukia wenzake. "Jamani, watu wa Kakamega wamekosa matope!" Soko zima liliangua kicheko, lakini alininyooshea mguu nikakwangua.

Maandishi tuliyaacha mwisho. Senje alipunguza burashi mpaka ikabaki na nywele chache, akaandika namba zote bila kufuta hata moja. Alipofika chini ya ngazi alilifunika kopo la rangi ya manjano.

"Bado yale maneno, Senje."

"Hayo yalifutika."

"Hayajafutika. Niliyanakili."

"Basi nakala yako ifutike."

Siku mbili nilizunguka na lile daftari. Nilijua kwamba hatali si hatari, na nilijua kwamba nusu ya watu tunaoishi nao hulitamka hivyo, na mimi mwenyewe nikiwa na haraka. Kilichonisumbua ni herufi A. Katika neno lile mstari wa katikati ya A ulikaa chini sana, karibu na miguu, kama mkanda uliolegea. Nilikuwa nimeiona A hiyo mahali. Siku ya tatu nilisimama mbele ya kibao cha kinyozi, nikaiona tena, na nikatamani nisingeiona.

Sikumuuliza. Nadhani alinisoma usoni, maana jioni ile alianza kusema mwenyewe huku akiosha burashi kwa tapentaini. Ilikuwa wiki yake ya kwanza karakanani. Msimamizi hakumpa karatasi, alimtajia maneno kwa mdomo. "Yeye mtu wa kwetu, mimi mtu wa kwetu," Senje alisema. "Yeye alisema hatali, mimi nikasikia hatali, nikaandika hatali. Kati yetu wawili hakukuwa na kosa." Kosa liligunduliwa na mtu wa pwani aliyekuja kwa shughuli zake. Mabehewa mengine yalirekebishwa siku hiyo hiyo, lakini moja lilikuwa limeshaondoka na mzigo. Tangu hapo hadi alipoondoka kazini, wenzake walimwita Hatali. Hakuwa na hasira akisimulia. Aliniambia tu jambo ambalo sikulijua: mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa anatafuta mtu wa kuandika ukuta mzima wa mbele, jina la shule, wito wake na ramani ya Kenya, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata tangu arudi, na alikuwa ameahidi kuamua baada ya Siku ya Wazazi. "Nani atampa ukuta wa shule mtu asiyejua R?" aliuliza, akafunga kopo la tapentaini.

Nikiacha nafasi wazi, behewa lingekuwa na upungufu ambao yeye mwenyewe asingeuvumilia pahali pengine. Nikiandika lilivyo, ningeipeleka aibu yake hadi mlangoni mwa shule. Mwishowe nilifanya kile nilichokiona kuwa cha huruma. Siku moja kabla ya maonyesho, Senje akiwa sokoni, nilichukua burashi yake nikaandika mwenyewe: HATARI USIPANDE JUU. Nilijitahidi hata kuteremsha mstari wa A.

Aliporudi alilichukua behewa akalisogeza mlangoni penye mwanga. Aliyafuata maneno yangu kwa kidole, nami nikaanza kuomba msamaha bila kujua wa nini.

"Hili si lile la Butere," alisema hatimaye.

"Ni lile, Senje. Nimerekebisha tu."

"Ribiti umezihesabu mara mbili. Matope umeyafuata hadi kwenye miguu ya watu. Halafu hapa unadanganya?" Alilowesha pamba kwa tapentaini, akaifuta R yangu polepole, akapuliza ili pakauke, na kwa mkono ule ule wa miaka ile akaandika L. Alilitazama tena akatabasamu. "A zako zina njaa," aliniambia. "Lakini tuziache."

Siku ya Wazazi mwamuzi alikuwa mwalimu wa Kiswahili kutoka shule jirani, mwembamba, mwenye kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati. Alilizunguka behewa langu mara tatu. Aligusa komeo, akachungulia magurudumu, akauliza kutu ile niliitoa wapi, nami nikamjibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Kisha akainama chini ya ngazi. Nikaona mkono unapanda mfukoni.

"Kazi nzuri sana, binti. Ila hapa kuna kosa la tahajia. Itanibidi nikuondolee alama."

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yake. Ndipo nikasikia sauti ya Senje kutoka safu ya wazazi, kubwa kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mwalimu, hilo kosa si lake! Ni langu. Nililiandikanga mimi kwenye behewa lenyewe, na mpaka leo liko Butere kwa leri. Mtoto amelileta lilivyo. Mkitaka kuondoa alama, niondoleeni mimi!"

Kicheko kilichofuata kilianzia kwa wazee waliowahi kusafiri kwa treni na kikaenea hadi kwa watoto wa chekechea ambao hawakujua wanacheka nini. Mwamuzi alijaribu kubaki na uso wa kazi, akashindwa. Aliirudisha kalamu mfukoni akakiri mbele ya wote kwamba mama yake mzazi husema hatali, na kwamba yeye mwenyewe alichapwa sana shuleni kwa sababu ya R. Nilipewa nafasi ya tatu. Zawadi ya nafasi ya tatu ilikuwa kamusi, na kwa miezi kadhaa nilihisi kama kuna mtu ananisema.

Mwalimu mkuu hakutoa uamuzi kwa wiki mbili. Mama mmoja aliyekuwa ameagiza kibao cha saluni alitafuta mwandishi mwingine, na wateja waliobaki walianza kusoma kazi ya Senje herufi kwa herufi kabla ya kuichukua, vidole vikifuata maneno. Hakuna aliyepata kosa. Halafu Senje akaitwa shuleni, akakabidhiwa karatasi yenye maneno yote ya ukutani, imesainiwa na kupigwa muhuri. Senje aliizungusha sokoni akiwaonyesha watu, akidai kwamba ni yeye peke yake Kakamega nzima ambaye tahajia yake ina muhuri. Vijana wa bodaboda wakamwita Hatali kuanzia siku hiyo, naye akawa anaitika.

Ukuta ule umeshapakwa upya, na maneno yake sasa ni ya bango la plastiki lililochapishwa. Mtaa mzima uko hivyo: herufi ni sahihi, zimenyooka, zinafanana, na hujui uende kwa nani ukitaka kucheka nazo. Mimi nimemaliza chuo na kazi bado naitafuta. Kila barua ya maombi naisoma mara kumi na moja kabla ya kuituma, na simu yangu hunisahihisha hata pale ambapo sijakosea. Mwaka huu nilipita Butere nikakuta njia ya pembeni ni tupu. Mzee mmoja wa karibu na stesheni aliniambia kwamba behewa lilikatwakatwa likauzwa kama vyuma chakavu. Nilisimama pale nikajaribu kukadiria lilikuwa limeanzia wapi na kuishia wapi, kisha nikampigia Senje simu.

Nikamweleza kwamba behewa halipo tena. Akauliza lile letu liko wapi. Nikamwambia liko juu ya kabati la mama, na kutu yake imezidi, nzuri sasa kuliko tulivyoipaka.

"Basi ndilo hilo limebaki," alisema. Halafu akataka kujua kama bado najua kupiga ribiti, kwa sababu anakumbuka vizuri behewa moja la mafuta, la tangi, aliloliandika zamani karakanani, na mimi si nipo tu nyumbani siku hizi? Nije Jumamosi tulijenge. Ila pale pa maandishi nimwachie nafasi kubwa kidogo, maana macho yake si yale.