Gemu Ambayo Hatukuimaliza

Plastiki ikipata moto kwa muda mrefu hutoa harufu ya utamu usiopendeza, kama peremende iliyoangukia jiko. Harufu hiyo ilijaa nyumba yetu ya Makongeni, kwenye makazi ya reli, likizo nzima, ikichanganyika na ya mafuta ya taa na ya nguo zilizokataa kukauka. Ilitoka kwenye mashine ya gemu aliyotuletea mjomba, iliyokwisha kutumiwa na wengine, na iliyokosa ile kadi ndogo ya kuhifadhi mahali ulipofikia. Bila kadi, ukiizima umepoteza safari yote. Kwa hiyo hatukuizima. Tulizima televisheni tu, tukaifunika mashine kwa kitambaa cha mama cha kufuma, ikabaki ikikoroma chini yake kama paka.

Dada yangu Shiro alikuwa akingoja kwenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni, mbali na Nairobi. Tulikuwa na gemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ngumi na mateke, na raundi yake iliisha kabla chai haijachemka. Niliipenda kwa sababu niliweza kushinda. Ya pili ilikuwa hadithi ndefu ya mpanda farasi aliyebeba mbegu akivuka nchi iliyokauka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya Shiro. "Hiyo yako ni chingamu," alinicheka. "Sukari ikiisha unatafuna mate." Nami nikamjibu kwamba yake ni mahubiri ya pasta, kila ukidhani amefika kwa amina, anafungua mlango mwingine. Wahenga hawakutusaidia. Walisema haraka haraka haina baraka, kisha wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hata wakati huo nilishuku kwamba walijikinga pande zote mbili.

Hata hivyo, mimi ndiye niliyeanza kumhimiza Shiro tuimalize ile ndefu kabla hajaondoka. Msichana wa jirani alikuwa amekwenda bweni akiwa mchezaji wa kati, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira, na akarudi akizungumzia puani, akitusalimu watoto kwa ncha za vidole. Niliogopa kwamba Shiro naye angerudi hivyo. Nilitaka mpanda farasi afike akiwa bado ni wetu sisi wawili.

Ilipobaki wikendi moja, tuliuona mji aliokuwa akiuendea, mdogo na mweupe, kwenye upeo wa skrini. Tukatoka kidogo kwenda kuteka maji. Cucu, nyanya yetu, alikuwa amekuja kutoka Murang'a kumbariki Shiro, na mvua ikaanza kunguruma. Kwao, radi ikisikika, kioo hugeuzwa ukutani na kila waya huchomolewa. Tulimkuta keshamaliza kazi hiyo, kitambaa amekikunja vizuri juu ya mashine iliyonyamaza.

"Bwana yangu," aliniambia, maana nilibeba jina la marehemu mume wake na hakuniita vingine, "nani aliacha hii kitu ikikula stima na mbingu inapiga kelele? Mnataka kuchomeka?"

"Cucu, umeua farasi," Shiro alisema.

"Farasi gani? Huku kwa reli kuna farasi?"

Nililia. Shiro alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaniangalia, akaacha kucheka.

Jioni hiyo mama alimkalisha Shiro kwenye kigoda karibu na mlango ili amnyoe, kwa kuwa shule haikukubali nywele ndefu. "Kuja hapa, wee," Shiro aliniita. "Mwisho naujua. Beshte yangu aliumaliza kwao."

"Uongo."

"Skiza basi."

Akasimulia. Mpanda farasi aliufikia mji akaukuta hauna mtu, akazipanda mbegu mwenyewe, akajenga kibanda, akakaa kungoja. Nilijua anatunga. Pia nilijua anaogopa, maana kila mkasi ulipokaribia sikio sauti yake ilipungua, na mkono wake ukaubana wangu. Akaurefusha mwisho, akaongeza visima na majirani, nywele zikimwangukia mabegani. Mama alisimamisha mkasi. "Na farasi?"

"Farasi hakufa," Cucu alisema kutoka jikoni. "Nilitoa waya tu."

Mwaka jana niliitafuta ile gemu nikaimaliza peke yangu. Mwisho wake halisi ni nishani, tarumbeta, na majina ya waliotengeneza. Shiro alirudi kutoka bweni akiwa amebadilika kidogo, mimi pia. Tulicheza tena, lakini kamwe si ile ndefu. Siku hizi nasoma watu wakibishana mtandaoni kama gemu iwe fupi na tamu au iwe safari ya miezi, wakipima thamani kwa saa, kana kwamba saa ya mtu mmoja ni sawa na ya mwingine. Nina shaka na pande zote mbili. Gemu za leo zinajihifadhi zenyewe, na hakuna radi inayoweza kunipokonya chochote. Kinachokosekana ni jioni. Shiro anaishi Donholm, ana kazi na mtoto mchanga, nami humtembelea kwake mtoto akilala. Tunachagua zile fupi, maana hatujui ataamka lini. Ikiisha, Shiro huniuliza kama nina haraka. Huwa nayo, na huwa namwambia sina.