Mheshimiwa anataka niape kwamba karatasi hazikuwa tupu

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Buswelu. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani wa wakili mmoja hapa Mwanza. Leo ni mbunge, na aliyempigia debe kwa kalamu kuliko wote ni mimi. Waliomsema vibaya niliwachana hadharani, bila huruma.

Jina alilipata kwa kesi moja. Wanakijiji wa upande wa Nansio, ng'ambo ya ziwa, walikuwa wananyang'anywa ardhi yao ya ufukweni, akawatetea bure, wakashinda. Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Watu walilia mahakamani, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa nitubu. Kuvuka na kivuko kila mara hati mpya ilipohitajika kulikuwa kunawachosha wazee. Wakili akaniambia, "Wapigishe dole kwenye karatasi tupu, nyingi, tutajaza huku." Nikawashika vidole mmoja mmoja, nikawaelekeza: chini kabisa, pembeni kulia, maneno yapate nafasi. Niliona ni huruma. Kesi ilipokwisha, karatasi zilibaki nyingi kabatini. Sikuuliza zilikwenda wapi.

Mwezi uliopita Mama Mkubwa akanipigia simu.

"Mwanangu, kuna watu wanapigilia vigingi kwenye mihogo yangu. Wanasema nilikubali kuuza. Nilikubali lini?"

"Umewauliza nani kawatuma?"

"Hawasemi. Mwambie yule mtoto wetu wa bungeni aje awafukuze, huyo hawezi kutuacha."

Nikaenda kwa mtoto wetu wa bungeni. Nilimkuta na faili mezani, kana kwamba alikuwa ananisubiri. Akanifungulia hati ya ridhaa ya kuuza. Chini kabisa, pembeni kulia, nikaona dole lenye mstari mweupe katikati. Kovu lile Mama Mkubwa alilipata kwa kisu, akipasua samaki aina ya sato.

"Mheshimiwa, hizi zilikuwa tupu."

Akacheka. "Siku hizi hata Wakili huniiti? Dada, mwekezaji anayeinunua hiyo ardhi ana mwanasheria mkorofi, anataka shahidi. Utaapa tu kwamba uliwaona wakisomewa, wakaelewa, wakapiga dole."

"Na nikisema ukweli?"

"Sema. Ila ile hukumu iliyowapa ardhi ilisimama juu ya karatasi za namna hiyohiyo. Ukiziangusha hizi, na zile zinaanguka. Halafu waeleze wazee wako nani aliwashika vidole."

Hakupaza sauti. Alinisindikiza mpaka mlangoni na kuniulizia afya ya Mama Mkubwa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi gari lake linasimama getini kwangu. Dereva hushuka, ananiamkia kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Mheshimiwa kasema nikusubiri mpaka utakapokuwa tayari." Anakaa mpaka saa sita, anaondoka. Jana walikuwa wawili. Yule wa pili hakuniamkia.

Najua mtanitukana, na nastahili. Sisi watu wa huku tunapenda mno mtu anayejua kuongea. Alipokuwa wakili tulimpa dole kwenye karatasi tupu, alipogombea tukampa kura vilevile, ajaze mwenyewe. Nami nilimshangilia mara zote mbili.

Jumatatu ndiyo siku ya kuapa. Nikiapa, Mama Mkubwa anafukuzwa kwenye ardhi alikomzika mumewe, kwa ulimi wangu. Nikikataa na kusema yote, huenda hukumu ya zamani ikafutwa na kijiji kizima kikakosa pa kusimama, nami nikaenda jela. Nikinyamaza, dole la Mama Mkubwa huenda likatosha kusema peke yake.

Bado sijamwambia. Asubuhi hii kapiga tena kuuliza kama mbunge amekubali kuja, maana anataka kumchinjia kuku.

Ninyi mnaojua sheria, na ninyi mliowahi kumsaliti mtu wa damu yenu bila kujua, semeni nami kabla ya Jumatatu: nimwambie nini huyu mama?