Kisanduku cha Mwisho cha Norbert Pell

Ni saa tatu kasoro robo asubuhi, Jumatatu, na Avril Ackroyd ameshagombana na simu mara mbili. Wa kwanza kupiga alikuwa mzee wa Bradford, aliyeapa kwamba Norbert Pell hakurudi tena, alibaki na Warumi. Wa pili ni bibi wa Todmorden, aliyeapa kwamba alirudi darasani akachapwa viboko sita.

“Wiki nzima ni hivi, tangu nilipoomba msaada redioni,” anasema Avril, akijitupa kwenye kiti. “Nimeomba karatasi, wao wananipigia hadithi!”

Mezani, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake hapa Halifax, kuna skana, kibano, kioo cha kukuzia, na ukurasa wa gazeti la watoto la mwaka 1967 uliogeuka rangi ya chai. Ukurasa una visanduku kumi na kimoja vya picha. Mahali pa kisanduku cha kumi na mbili pana tundu.

Avril ana miaka sabini na mitatu. Kazi yake ni kusafisha katuni za zamani ili zichapwe upya vitabuni. Anafuta madoa, anaunga mistari iliyokatika, anaondoa masharubu ambayo watoto waliwachorea walimu. Analipwa pauni kumi na nne kwa ukurasa, na zipo kurasa zinazomla siku nzima.

Safari hii ni kitabu kizima cha Norbert Pell, yule mwanafunzi aliyeingia kwenye kabati la makoti shuleni akatokea karne nyingine, kisha kila mara akachelewa kipindi cha hesabu. Michoro ya asili ilitupwa zamani, kwa hiyo Avril anategemea magazeti yaliyosahaulika darini kwa watu. Amemaliza kurasa mia moja thelathini na tisa. Umebaki huu mmoja, wenye mwisho wa hadithi, na kampuni ya London inautaka Ijumaa.

Amekusanya nakala kumi na saba za toleo hilo. Zote zimekatwa palepale, nyingine kwa mkasi, nyingine, inaelekea, kwa meno.

Mwenye kosa ni mhariri wa siku hizo, sasa marehemu, ambaye Avril hamtaji kabla ya kuvuta pumzi. Wiki ileile hadithi ilipoisha, bwana huyo alianzisha Klabu ya Wachelewaji, yenye kadi na beji ya bati. Fomu ya kujiunga akaichapa upande wa pili wa karatasi, mgongoni mwa kisanduku cha mwisho. Kata, jaza, tuma.

“Watoto wa nchi nzima wakakata mwisho wa hadithi, wakaturudishia sisi tulioichapa,” anasema. “Na unajua nani alikuwa anafungua zile bahasha?”

Anajigonga kifuani kwa kidole. Alikuwa na miaka kumi na sita, akiitwa Avril Dyson, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Majina aliyanakili kwenye daftari, fomu akazisindilia kwenye magunia, magunia yakaenda kuchomwa kwenye boila la ofisi. Anakumbuka zaidi ya fomu elfu thelathini.

“Zote zimepita mikononi mwangu, sikugeuza hata moja nione upande wa pili. Ningegeuza ya nini? Akili yangu ilikuwa kwenye dansi la Jumamosi. Nikifikiria, natamani kujizaba kofi.”

Jumanne anapiga simu Imogen, mhariri wa kitabu, kutoka London. Avril anaweka simu mezani ili mwandishi wa makala haya naye asikie adha yake.

“Avril, mpenzi wangu, si uchore tu kitu? Nani atajua?”

“Nichore nini, na mwisho wenyewe siujui?”

“Chochote chenye furaha. Watu wanapenda furaha.”

“Imogen, mama, mimi kazi yangu kufagia. Sijengi nyumba.”

Imogen anacheka, lakini neno analitoa: mwisho ni Ijumaa, saa sita mchana. Baada ya hapo vijana wake watachora wanachotaka.

Mchana huo Avril anamenya viazi huku akinung’unika, mara anasimama na kisu mkononi. Si fomu zote zilizochomwa. Chini ya fomu palikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi au mlezi, na sheria ya ofisi ilikuwa kwamba fomu isiyo na sahihi irudishwe kwa mtoto, pamoja na barua. Barua hizo alizipiga chapa yeye mwenyewe.

Anaviacha viazi kwenye maji, anapigia gazeti la mji simu. Tangazo linatoka Jumatano: “Je, Klabu ya Wachelewaji ilikukataa mwaka 1967? Nina haja na fomu yako.”

Alhamisi alasiri kengele ya mlango inalia. Ni mwanamume mnene, kofia mkononi, fundi mstaafu wa mabasi kutoka Huddersfield. Anaitwa Trevor Naylor, ana miaka sitini na sita.

“Wewe ndiye Dyson?”

“Nilikuwa. Sasa ni Ackroyd.”

“Mimi nimemfuata Dyson,” anasema Trevor, na kutoa barua ndani ya koti. “‘Tunasikitika kukurudishia fomu yako.’ Ulisikitika kweli?”

“Nilikuwa na miaka kumi na sita, baba! Nilikuwa nasikitika mara arobaini kwa wiki. Fomu umekuja nayo?”

“Ninayo. Kwanza niingize klabu.”

“Klabu imekufa!”

“Basi na mimi nakwenda zangu.”

“Mtu mzima wewe, una miaka sitini na sita!”

“Nilipoomba nilikuwa na tisa. Nani kachelewesha, mimi au nyie?”

Avril anashika kichwa. Kesho ndiyo Ijumaa, na anachokitafuta kimo ndani ya koti la mtu anayedai beji ya bati.

“Haya yote yasingetokea,” anafoka. “Shida ilikuwa nini? Si ungempa tu mama yako aisaini?”

“Mama yupi?” anasema Trevor.

Hasemi kwa hasira. Alilelewa, anaeleza, katika nyumba ya watoto yatima. Msimamizi alipoletewa fomu alisema yeye ni mwajiriwa, si mzazi wa mtu. Trevor akaituma hivyo hivyo.

Avril anamvutia kiti, anamwekea chai. Ndipo Trevor anapoitoa karatasi.

“Selotepu!” Avril anapiga kelele. “Umeitia selotepu pembe zote nne! Unajua selotepu inafanya nini kwenye karatasi?”

“Niliibandika ukutani, pale kitandani kwangu. Picha inatazama huku, fomu inatazama ukuta. Miaka saba.”

Avril anaigeuza chini ya taa. Mvua inanyesha. Norbert yuko mlangoni kwao na kofia ya chuma ya Kirumi kichwani. Mama yake amesimama kizingitini, aproni kiunoni, na nyuma yake mezani kuna sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Mama anasema: “Hivi wewe unajua saa hizi ni saa ngapi?”

“Ni hivyo tu?” anauliza Avril.

“Ulitaka nini tena?” anasema Trevor.

Avril anaipitisha kwenye skana mara tatu, kwa kuhofia. Kisha anaigeuza upande wa fomu, wenye mwandiko wa mtoto wa miaka tisa, na kuchukua kalamu.

“Miaka ishirini na miwili ya kazi hii sijawahi kuweka wino juu ya karatasi ya zamani,” anasema. “Na wewe usinizoee.”

Kwenye mstari wa mzazi au mlezi anaandika: A. Dyson.

Ukurasa unafika London Ijumaa saa nne asubuhi. Kitabu kinatazamiwa mwezi wa kumi. Lakini mwandishi anamkuta Avril mezani akigombana na hesabu nyingine. Barua za kukataa alizopiga zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Anaijua idadi kwa sababu kila stempu aliyochukua ofisini ilibidi aisainie.

“Sikuuliza hata mara moja kwa nini hawana sahihi,” anasema. “Nilidhani ni uzembe. Nikawaandikia wawe makini. Watoto!”

Amekwishampata fundi wa beji kule Keighley, na mchana anakwenda ofisi ya gazeti kuweka tangazo la pili: “Picha imepatikana. Waliokataliwa mwaka 1967 waje wachukue beji zao. Sahihi ya mzazi haihitajiki.”

Dada wa dirishani anahesabu maneno, kisha anamshauri kwa upole kwamba sentensi ya mwisho ikiondolewa, bei itapungua.

“Toa nyingine yoyote,” anasema Avril. “Hiyo usiiguse.”