Nilimchagulia Paskalina Chuo Ili Awe Wifi Yangu

Kosa ni langu. Msinitafutie visingizio, maana mwenyewe nimetafuta miaka yote hii sijapata hata kimoja.

Nilikuwa nesi kwenye zahanati kule Nangwa, Hanang. Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya. Paskalina, binti wa Mzee Tluway mfugaji, alimaliza kidato cha sita akapata nafasi mbili kwa mpigo: chuo kikuu cha Dar es Salaam akasome sheria, na cha Nairobi akasome udaktari wa mifugo. Msichana wa kwanza kwetu! Akaniletea barua zote mbili.

"Shikamoo dada. Nisaidie kuchagua."

Jamani! Ningemuuliza tu, "Wewe unapenda nini?" Sikuuliza. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume Dar, karani, hajaoa, anaishi kwa chai na mkate. Nikamtazama yule binti, mrefu, mwenye adabu, nikasema moyoni: wifi huyu hapa!

Nikaanza kampeni. Nikamwambia Nairobi kuna baridi. Mtu aliyezoea baridi ya Hanang namtisha kwa baridi! Nikasema taifa linataka wanasheria. Nikasema udaktari wa ng'ombe ni kazi ya wanaume. Aibu gani hii! Alinisikiliza, akashukuru, akaenda zake.

Nikaona hajashawishika. Ndipo nikafanya ujinga wenyewe: nikaiandikia Wizara ya Elimu kwa jina lake kwamba amekubali Dar, nikaipeleka posta Katesh.

Kumbe naye alikwisha kuandika kukubali Nairobi!

Wizara ikamjibu: umekubali vyuo viwili, nafasi zote zimesimamishwa mpaka ujieleze. Wakamrudishia na zile barua mbili za kukubali. Paskalina akaja nazo zahanati, akaziweka mezani kando ya bahasha za dawa nilizoandika "kimoja mara tatu". Akatazama huku, akatazama kule.

"Dada, huu si mwandiko wako?"

Nikajifanya naosha bomba la sindano. Lilikuwa safi.

Nilikiri yote, hata habari ya mdogo wangu; akaandika maelezo, lakini majibu yalichelewa. Masomo yakaanza bila yeye. Akaambiwa asubiri mwaka mzima.

Mzee Tluway alikuja, akakaa foleni na wagonjwa mpaka zamu yake ikafika.

"Shikamoo mzee. Unaumwa nini?"

"Marahaba. Siumwi. Ng'ombe wangu ndio waliokufa kwa ndigana, ndiyo maana mtoto anataka kusomea kuwatibu. Nilimtuma kwako kwa sababu umesoma. Ulisoma barua yake, au uliyokuwa nayo kichwani?"

Tangu siku ile watu niliozoea kuwasomea barua walipita mlangoni kwangu wakaenda kusomewa na katekista.

Na mdogo wangu? Mwezi uleule akaniandikia: "Dada, nimeoa tangu Pasaka. Niliogopa kukwambia." Nililia, halafu nikacheka peke yangu kama mwehu!

Mwaka uliofuata Paskalina akaenda Nairobi. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga.

"Dada, nimekusamehe. Ila hata mdogo wako asingeoa, mimi nisingemtaka. Nimeona picha yake ukutani kwako."

Ndugu zangu, mtoto akikuletea barua, msomee kilichoandikwa, kisha unyamaze umsikilize. Kama una ndugu hajaoa, mwache ajitafutie mwenyewe!