Wimbo Uliobaki Vidoleni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huweka chini nilichoshika, nikakaa. Ni siku niliyomkataza mume wangu kumwimbia mtoto wetu. Hakuna aliyepigwa siku hiyo, hakuna aliyefukuzwa. Yalikuwa maneno tu, niliyasema nikiwa na mwiko mkononi. Nakueleza wewe unayelea sasa, kwa sababu kosa lenyewe ni dogo kiasi kwamba unaweza kulifanya leo kabla ya jioni na usijue.

Tulikuwa tumerudi karibuni kutoka Tanzania. Mimi nilitoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama yangu, nikarudi na mtoto mgongoni mwangu. Katikati yote ni kambi ya wakimbizi. Kirundi tulikisema, lakini hapa Kizuka tulikuwa tukifungua mdomo tu, watu wanajua tulikotoka. Wengine walikuwa wema. Wengine walituita Watanzania, sisi tuliokuja kwetu.

Mume wangu, Baba Deo, alikuwa mkamuaji wa mawese. Alichokileta kutoka kambini ni redio moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na wimbo mmoja alioupenda kuliko nyimbo zote. Ulikuwa wa Kiswahili, wa bendi fulani aliyoisikia Kigoma, wa magitaa. Mtu anamwomba mama yake amwekee chakula, amechelewa lakini yuko njiani. Baba Deo akitoka kukamua, ananawa mpaka viwikoni, ananusa mikono kuona kama harufu imekwisha, na haikwishi kamwe, kisha anamchukua Deo begani. Nikimwogesha mtoto, anaimba. Nikichambua ndagala, dagaa wa ziwani, anaimba. Betri zikiisha, magitaa anayapiga kwa mdomo: ndi, ndi, ndirindi. Mtoto anacheka mpaka anashikwa na kwikwi.

Basi Deo akaanza kusema. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa "nakuja", neno la mwisho la wimbo ule. Siku hiyo nilikuwa bombani kuchota maji, mtoto nimemkalisha pembeni. Jirani mmoja akamwinamia akamsalimu vizuri, "Amahoro, mutoto?"

"Nakuja," Deo akamjibu.

"Unakuja wapi tena?" yule mama akasema kwa sauti, foleni nzima ikageuka. "Si mumekwisha kufika? Ao mumesahau kitu kule Tanzania?"

Wakacheka. Leo nikiwaza naona ulikuwa mzaha mzuri, hata mimi ningecheka kama angekuwa mtoto wa mwingine. Lakini siku ile nilibeba ndoo haijajaa, nikaondoka na masikio yanawaka moto.

Jioni Baba Deo akaanza wimbo wake kama kawaida. Nikamgeukia na ule mwiko.

"Hapa si kambini," nikamwambia. "Mutoto wangu atasema kama wenzake. Huo wimbo uishe leo."

"Ni wimbo tu, Mama Deo."

"Ni wimbo wa wakimbizi. Unataka wamucheke mpaka aoe?"

Alinitazama, akamtazama mtoto. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, nina maneno mengine mabaya nimeyaweka tayari. Hakunipa nafasi ya kuyatumia. "Sawa," akasema, akazima redio. Baadaye redio hiyo alimpa mvuvi mmoja wa Gatete. Alirudi mikono mitupu, nami sikumuuliza.

Nikadhani nimeshinda. Deo akakua anasema Kirundi kama mtoto yeyote wa kilima hiki, hakuna aliyemcheka. Baba yake aliendelea kumbeba begani kila jioni, mdomo umefungwa. Mungu hakutupa mtoto mwingine. Halafu ugonjwa ukamchukua Baba Deo, mtoto akiwa bado shule ya msingi. Katika maradhi yale yote sikumwambia, "Imba." Si kwamba nafasi haikuwepo. Niliona haya kuanza, nikajiambia kesho, na kesho zikaisha.

Sasa Deo ana mke, Furaha, binti wa Uvira, na mtoto wao Ineza bado hajaota meno. Furaha ana simu, na ndani ya simu ameweka rumba yote ya Kongo. Anamwogesha mtoto kwa rumba, anamnyonyesha kwa rumba, akitwanga sombe, majani ya mihogo, mtoto yuko mgongoni wanayumba wote wawili. Na mimi nikafanya nini? Nikafungua mdomo uleule.

"Wewe Furaha, mtoto huyu atakunywa maziwa ao magitaa?"

"Atakunywa vyote, mama," akanijibu akicheka. "Angalia miguu yake! Iko nacheza kunipita mimi."

Nikamgeukia Deo aje upande wangu.

"Muache, mama," akasema. "Nyumba hii ilinyamaza vya kutosha."

Alisema polepole, kama baba yake. Chakula cha siku hiyo sikukimaliza.

Haikupita siku nyingi, asubuhi moja Furaha akaenda soko la Rumonge kuuza mawese, na simu akaondoka nayo. Ineza akalia. Deo akambeba kama anavyobeba bidoni, lile dumu la mafuta, mbali kidogo na kifua asije akachafuka.

"Mwimbie," nikamwambia.

"Nimwimbie nini, mama? Mimi sijui wimbo wa mtoto hata mmoja."

Hakusema kunilaumu, mwanangu. Ndiyo maana yaliniingia.

Akamlaza begani, akaanza kumgonga mgongoni kwa vidole. Viwili vya polepole, vitatu vya haraka, anapumzika, anarudia. Nilikuwa nachambua maharage. Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo.

"Umejifunza wapi hiyo?"

"Hiyo gani?"

"Hiyo ya vidole."

"Ni baba," akasema. "Alinifanyia hivi kila jioni. Hata nilipokuwa mkubwa, nikishikwa na malaria anakuja ananigonga hivi. Hasemi kitu. Nilijua ndiyo namna yake."

Ndi, ndi, ndirindi. Yalikuwa magitaa yale. Nilimfunga mdomo akaimba kwa vidole, miaka yote ile, mbele ya macho yangu, nami napita na sufuria yangu nikidhani amenyamaza.

Nikamweleza Deo kila kitu: bomba, mwiko, redio iliyokwenda Gatete. Alinisikiliza bila kuacha kumgonga mtoto. Nilipomaliza alisema neno moja tu.

"Uimbe."

Na mimi sikuwa nao wimbo huo. Nilikuwa na mwanzo wake na neno la mwisho. Katikati pote palikuwa pamefutika, kwa sababu tangu siku ya bomba nilikuwa naukumbuka kwa hasira tu. Baadaye nilikwenda kuuliza. Yule mvuvi alikwisha kufa, na wenzetu wa kambini kila mmoja alinipa wimbo mwingine. Lakini asubuhi ile niliimba nilichokuwa nacho, kwa sauti yangu hii ya mlango usiotiwa mafuta. "Niwekee chakula, mama." Kisha ndirindi za mdomo mahali pa maneno. Kisha, "Nakuja."

Deo alikuwa ananiangalia midomo. Ineza hakunyamaza papo hapo, sitakudanganya. Alilia mpaka akachoka, halafu akainua kichwa begani kwa baba yake, akanikodolea macho. Deo naye alikuwa anafuta machozi. Akasema ni moshi. Jiko nilikuwa bado sijaliwasha.

Furaha alipotoka soko alitukuta bado tunaimba, akasimama mlangoni na beseni kichwani. "Mama! Kumbe na wewe uko na orkestra!" Tangu siku hiyo, asubuhi ni rumba yake, jioni ni nusu wimbo wetu. Nusu nyingine nililala nayo nyumba moja miaka mingi, nikakataa kuisikiliza. Huyo niliyepaswa kumwomba msamaha yuko chini ya udongo, hawezi kuniambia "sawa" tena.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Wimbo unaoupenda mwimbie mtoto wako, na usingoje sauti nzuri. Mwimbie ukimwogesha, ukimpaka mafuta, ukipepeta mchele. Ukiwa na simu, punguza sauti. Masikio yake ni madogo na hayana mlango. Lakini usiiachie simu kazi yote, kwa maana simu inakwenda soko na mwenyewe. Kama baba yake ana wimbo, muache auimbe, hata kama umeuchoka, hata kama unatoka mahali ambapo hutaki kukumbushwa. Watu wa bombani watacheka siku moja, watajaza ndoo zao, watakwenda kwao. Mimi niliwatii wao, nikamnyima Deo sauti ya baba yake.

Na kama uliwahi kumnyamazisha mtu nyumbani mwako, nenda umwambie leo aimbe. Usione haya kama mimi.

Mungu akulindie nyumba yako, mwanangu, na akuachie sauti mpaka mtoto wako apate wake wa kumwimbia. Naye akikukumbuka, akukumbuke kwa maneno yote ya wimbo, si kwa vidole peke yake. Amahoro.