Unga wa Komamanga Ulionilaza kwenye Mashine ya Figo

Naitwa Wakio, mama wa watoto wawili, mkazi wa Mwatate. Nilikuwa refa wa mpira. Wanaume wazima walinitukana uwanjani na sikutetereka. Kilichoniangusha ni kopo la unga.

Mtihani wa mbio wa marefa ulikuwa unakaribia. Nina miaka thelathini na minane, na baada ya mazoezi mapaja yaliniuma hadi kushuka kitandani ilikuwa kazi. Shemeji yangu Mghendi, mdogo wa mume wangu, ana duka la vitu vya mazoezi Voi. Akaniletea kopo lenye picha ya komamanga na ubuyu.

"Shem, haya ni matunda matupu. Misuli inapona haraka. Kunywa asubuhi na jioni."

Nikanywa. Maumivu yaliisha siku ileile, nikaona ni muujiza. Nikaongeza mbio. Nilikimbia kwenye jua la Mwatate nisihisi kitu, kumbe naharibika ndani.

Siku ya kumi na mbili nilikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Mapaja yalivimba yakawa magumu kama gogo. Nikampigia Mghendi.

"Hiyo ni sumu inatoka," akasema. "Ongeza kijiko."

Nikaongeza! Kesho yake mkojo haukutoka kabisa. Uso ulivimba, nikatapika hadi nyongo. Mume wangu, Mwadime, akanikimbiza hospitali.

Nilipomweleza daktari, alilitazama kopo ambalo Mwadime alikuja nalo akauliza, "Tunda gani hili linaloua maumivu siku ileile?" Walipoupima ule unga, wakakuta umechanganywa na dawa kali ya maumivu. Kwa kuwa sikuhisi maumivu, nilikimbia hadi misuli ikachanika, na uchafu wake ukaziba figo zikasimama. Wakanitoboa shingoni, wakaingiza mrija, damu ikasafishwa kwa mashine mara sita.

Nikiwa kitandani, muuguzi akanionyesha simu. Mghendi alikuwa ameweka mtandaoni picha yangu nikikimbia: "Shem wangu ana nguvu za simba. Agiza kopo lako." Watu walikuwa wanaagiza. Na huyo huyo alikuwa amekuja kuniona siku iliyotangulia, akanishika mkono akaniombea!

Nilipotoka nilienda dukani kwake na bandeji shingoni. Nikawakuta wateja watatu.

"Huyo mnayemwona kwenye picha ni mimi. Tazameni shingo yangu."

Mghendi akanong'ona, "Shem, haya ni mambo ya familia."

"Familia ungeikumbuka nilipokwambia mkojo ni mweusi!"

Nikatoka hapo nikaenda kuripoti. Maafisa wa afya wakayabeba makopo yote.

Namshukuru Mungu, mume wangu, na yule muuguzi aliyenifuta matapishi bila kukunja uso. Leo nakojoa vizuri, natembea, ila mbio basi tena. Nyinyi mnaofanya mazoezi, mwili ukiuma, pumzikeni. Mkojo ukibadilika, msimpigie muuzaji, nendeni hospitali. Mkitaka matunda, kuleni matunda yenyewe.

Mama mkwe huniomba kila Jumapili nimsamehe mwanawe. Bado. Mkitaka kuniombea, niombeeni figo. Hasira niachieni mwenyewe.